Ujumbe Niliousoma kwa Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, katikati ya somo la hesabu, na mwalimu akalazimika kupiga kelele ili tumsikie chini ya bati. Nilipotoka shule sikwenda nyumbani. Nilikwenda kiwandani kumsubiri Mama, kwa sababu mwavuli anao yeye.

Mama ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kufulia. Hawafui nguo za watu mmoja mmoja. Wanafua mashuka, taulo na mapazia ya hospitali na hoteli, ambayo huletwa kwa gari kila alfajiri. Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, anafanya kazi hapohapo kwenye pasi kubwa ya mvuke. Nyumbani tuko watatu na vyumba ni viwili: Mama ana chake, mimi na mama mdogo tuna chetu. Makelele yote ya nyumba ni ya mama mdogo.

Leo wafanyakazi wawili wamegombana. Mmoja ni Bi Mvuke, mzee kuliko wote pale, na mwingine ni dada wa kusuuza ambaye wamempa jina la Kijiko kwa sababu ya kukoroga maneno. Kila mmoja alimfuata Mama akitaka mwenzake asemwe. Mama hakumsema mtu. Aliwapa rundo la mashuka makubwa wakunje pamoja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila mtu anashika pembe mbili, mnavuta, mnatembea mpaka mnakutana, mnapeana pembe, mnarudi nyuma. Na kila mkikutana mnakuwa pua kwa pua.

Mwanzoni Bi Mvuke aliangalia dari. Baadaye akaangalia kidevu cha Kijiko. Rundo lilipofika nusu nikamsikia Kijiko akisema, "Wee bibi, unanuka sabuni mpaka kwenye kope."

"Na wewe unanuka umbeya," Bi Mvuke akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka shuka likawaponyoka.

Ndiyo dawa ya Mama. Na kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, huwakusanya wote kwenye meza ya kukunjia na kuuliza, "Nani ana jambo?" Kisha husubiri. Sijaona mtu anayejua kusubiri kama Mama. Anasema jambo zito mtu aambiwe machoni, ili akitaka kulia ajue anamlilia nani.

Nataka kuwa kama yeye.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Viatu havijakauka.

Jumatatu, 11 Machi

Kiwanda kimepata meneja mpya. Ni kijana nadhifu, anasalimia kila mtu, hata mimi. Amefungua kundi la simu la wafanyakazi wote. Amesema kuanzia sasa mwenye jambo aliandike humo, kwa sababu mikutano ya asubuhi inakula muda wa mashine.

Wakati wa kula mama mdogo alishika simu yake kama sahani ya moto. "Kwa hiyo nikiungua na pasi niandike 'ai,' halafu nisubiri meneja asome?"

"Usimseme mtu mgeni," Mama alisema, lakini alikuwa anacheka. "Mimi sitabishana naye. Nimewaomba watu waje mapema kidogo kabla ya zamu. Muda huo ni wetu."

"Na wamekubali?"

"Wote."

Mama mdogo akanigeukia. "Profesa, umemwona mama yako? Angekuwa mwanajeshi tungeshatekwa sote." Ananiita Profesa tangu nilipojua kusoma.

Alhamisi, 14 Machi

Mfereji wa kutolea maji katika chumba cha kusuuza umeziba. Kijiko ameandika kwenye kundi. Meneja amejibu kwa alama ya kidole gumba.

Jumanne, 19 Machi

Mama aliitwa ofisini kwa meneja baada ya zamu, akarudi nyumbani akiwa amechelewa kuliko mama mdogo. Hakula. Alisema kichwa kinamgonga. Kisha akaviosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mama mdogo anasema wamesikia hospitali moja imepeleka mashuka yake kwa wafuaji wengine. "Kazi itapungua," alisema. "Tutapumua kidogo. Mgongo wangu umeomba likizo tangu mwaka juzi." Mama aliendelea kuosha.

Jumatano, 20 Machi

Mama na mama mdogo wametundika mapazia ya sebuleni, mmoja juu ya kiti, mwingine amekishikilia. Mama mdogo aliimba. Mama alikuwa anamwangalia tu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Jaribio la historia, sabini na nane. Mama hakuuliza.

Jumamosi, 23 Machi

Mwalimu wa lugha ametufundisha kuandika tulichokiona, si tulichotaka kiwe. Nitajaribu.

Alasiri mama mdogo alikuwa ananisuka. Mimi nimekaa sakafuni, yeye kwenye kochi, kichwa changu katikati ya magoti yake. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Mvua ilikuwa ndogo, tunaweza kuongea bila kupaza sauti. Mama mdogo alikuwa anatusimulia jinsi Bi Mvuke alivyosinzia amesimama, pasi ikamwamsha kwa mlio, naye akaiitikia, "Abee!"

Simu ya mama mdogo ikalia kwenye mkono wa kochi. Ulikuwa ujumbe.

"Profesa, nisomee," alisema. "Mikono yangu ina mafuta."

Nilimwona Mama akiinua uso. Nilidhani ananiangalia nywele.

Nikasoma. Nilisoma kama tunavyofundishwa, kwa sauti iliyo wazi, nikitua penye mkato na kushusha sauti penye nukta. Ujumbe ulisema: "Ndugu mfanyakazi, kutokana na kupungua kwa kazi, uongozi unakujulisha kwamba ajira yako itakoma Jumatatu, tarehe ishirini na tano. Baada ya kushauriana na msimamizi wako wa zamu, jina lako ni miongoni mwa majina mawili yaliyopendekezwa. Tunakushukuru kwa utumishi wako."

Nilifika hadi "utumishi wako" ndipo nikaelewa nilichokuwa nasoma. Midomo ilikuwa imetangulia akili.

Vidole vya mama mdogo vilibaki kichwani mwangu. Havikusuka, havikutoka.

"Dada," alisema. "Msimamizi wangu wa zamu si wewe?"

Mama akasimama, punje za mchele zikamwagika. "Ni mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumatano nilikushikia kiti utundike mapazia."

"Sikiliza, mdogo wangu. Alitaka majina mawili. Mmoja alikuwa tayari anataka kuacha. Jina la pili lilikuwa lako au la Bi Mvuke. Bi Mvuke hawezi kupata kazi kwingine, kifua chake unakijua. Na ningekubakiza wewe, wangesema—"

"Sikuulizi kwa nini mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini, nami sikuwahi kuijua hiyo sauti. "Hata mimi ningembakiza Bi Mvuke. Ungeniuliza ningekwambia, andika langu. Nakuuliza kwa nini nimeambiwa na simu. Kijiko akimkanyaga mtu mguu unamwita mezani umwambie machoni. Mimi je? Mimi ndiye mtu pekee kiwandani asiye na macho?"

Mama alisema, "Meneja alisema atawajulisha mwenyewe." Halafu akasema, "Nilishindwa."

Mama mdogo alifuta mafuta kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. Aliingia chumbani kwetu akatoka na begi. Nilimshika sketi kama mtoto wa chekechea. Aliibandua mikono yangu taratibu bila kuniangalia usoni, akatoka. Hakuchukua mwavuli.

Mama aliinama kuokota mchele. Aliokota mpaka giza likaingia, na ulikuwa mchele wa kikombe kimoja tu.

Jumapili, 24 Machi

Mama alitaka kumalizia kunisuka upande wa kulia. Nilimwambia asiniguse. Nimefumua wa kushoto mwenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepita kiwandani. Zamani nilikuwa nikiingia wananipigia makofi, "Profesa huyo, ongezeni sabuni!" Leo walinisalimia vizuri tu, kama mtu wa benki.

Mama alimwomba Kijiko akunje naye mashuka. Kijiko alisema, "Samahani, Mama Msimamizi, naenda kusuuza." Walikuwa wanamwita Dada. Sasa ni Mama Msimamizi. Maji katika chumba cha kusuuza yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Bi Mvuke alinivuta pembeni. Nilitegemea yeye angalau amshukuru Mama. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi ndiye niliyebaki. Na kila nikiwasha ile pasi najiuliza, siku yangu ikifika, nitasomewa na nani?"

Jumanne, 2 Aprili

Nimempata mama mdogo. Anakaa kwa rafiki yake, fundi cherehani, nyuma ya soko la nguo. Alikuwa anashona vifungo kumsaidia. Amekonda usoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Nilimwambia Mama hali vizuri, Mama halali, Mama amemwandikia ujumbe mara nyingi wa kuomba msamaha, je, hajauona?

"Nimeuona." Alikata uzi kwa meno. "Mrefu na mzuri. Mama yako anajua kuandika."

"Basi niambie nimwambie nini."

"Usiwe simu ya mama yako, mwanangu. Unanisikia? Ana miguu. Hapa si mbali."

Alikuwa na pakiti ya dawa ya mafua mezani, maandishi madogo sana, nikaichukua nimsomee. Akaipokonya haraka. "Acha. Nitasoma mwenyewe."

Aliangalia vifungo muda wote. Nilirudi nikidhani bado ana hasira na Mama.

Jumapili, 7 Aprili

Shule imefungwa. Nimemwambia Mama maneno ya mama mdogo, kwamba ana miguu. Mama alisema ataenda mvua ikipungua.

Nikamwambia, "Kwa hiyo unaogopa." Sikuwahi kumwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo. Ninaogopa kuliko unavyofikiri." Nilitaka anigombeze. Nimekasirika zaidi kwa kuwa hakunigombeza.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nimeamka mapema nikaenda naye kazini, kwa kuwa sina la kufanya. Hapo nimeona kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Mama bado anawahi, anasimama kwenye meza ya kukunjia kabla ya zamu. Hakuna anayekuja. Anasimama pale peke yake, mikono juu ya meza, mpaka kengele inalia na watu wanaingia wakimpita. Inaelekea amefanya hivyo tangu siku ile.

Nilijifanya natafuta kalamu kwenye begi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yametoka chumba cha kusuuza yakafika mpaka kwenye pasi. Mashine hazikuweza kuwashwa. Watu wote walijikuta wamesimama karibu na meza, kwa sababu ndiyo sehemu iliyoinuka kidogo.

Mama aliuliza, "Nani ana jambo?"

Kijiko akatoa simu mfukoni, akaiinua juu. "Tuandikie, Mama Msimamizi. Tutaisoma jioni." Wawili watatu wakacheka, kicheko kibaya.

Mama alisubiri. Nilidhani safari hii hataweza. Kisha akasema, "Basi mimi ninalo."

Akawaambia. Hakuwaambia habari za kazi kupungua, hizo wanazijua. Alisema, "Mdogo wangu alikula mezani kwangu tangu Jumanne hadi Jumamosi, na mimi ninajua. Kila siku nilisema nitamwambia baada ya kula. Halafu nikasema, meneja atatuma ujumbe, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu nisingeuona uso wake. Nyinyi nimewalazimisha muangaliane kwa mambo madogo. Langu lilipofika nilijificha. Siwaombi mnionee huruma. Nataka tu mlisikie kwangu, mimi nikiwa nawaangalia."

Akawaangalia kweli, mmoja mmoja. Mimi niliangalia maji.

Hakuna aliyempigia makofi. Bi Mvuke alikohoa sana, halafu akasema, "Haya. Mimi nina jambo. Miguu yangu inaoza humu ndani, na nimechoka kuandika."

Na hapo kila mtu akawa na jambo. Dada mmoja alisema waya wa mashine ya tatu unapita karibu na maji. Kijiko alisema ameandika kuhusu mfereji ule mpaka kidole kimeota sugu. Mama hakujibu mmoja mmoja. Aliuliza, "Mwenye kuweza kuutengeneza ni nani?"

"Meneja."

"Ameyaona maji haya?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Mama akapanda ngazi za ofisini, viatu vikitoa maji kila hatua. Sisi tulibaki chini tukisikiliza. Tulisikia meneja akisema ameuona ujumbe na yuko katika kufuatilia. Tulisikia Mama akisema, "Sikuombi uamue chochote sasa hivi, mwanangu. Nakuomba ushuke usimame nasi."

Alishuka. Alikunja suruali yake ya kazi, akaingia. Kwanza aliguna kwa baridi. Fundi wa mashine akafungua tangi la mashine kubwa, ambalo maji yake hubaki moto tangu jana, kama wanavyofanya kila zamu, na yale maji ya moto yenye dawa yakaja juu ya miguu yake. Akaruka.

"Kila siku hivi?" aliuliza.

"Kila siku, meneja," Kijiko alisema. "Ulituwekea kidole gumba."

Sikutegemea, lakini alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama Bi Mvuke, ambaye viatu vyake vya kandambili vilikuwa vinaelea pembeni, akasema, "Samahani, bibi. Kwenye simu nilidhani ni maji kidogo." Akapiga simu kwa fundi bomba akiwa bado amesimama humohumo, mbele ya wote.

Wakati wa kwenda nyumbani Kijiko alimwita Mama "Dada." Alisema haraka, kama anaweka kitu mezani na kukimbia.

Nilifikiri Mama atafurahi. Njiani alisema, "Nimewaambia watu ishirini. Yeye bado."

Jumatatu, 15 Aprili

Mfereji umechimbuliwa. Mikutano ya asubuhi imerudi, na meneja naye anasimama mezani, ingawa bado anaangalia saa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua haijapungua. Mama amekwenda hivyohivyo, na mimi nyuma yake.

Mama mdogo alitufungulia, akabaki kizingitini. Mama alikuwa amefunga mwavuli kabla ya kufika, sijui kwa nini, maji yanamtiririka usoni.

"Nimekuja kukwambia," alisema. "Nilijua Jumanne. Nilikuona unacheka, na sikutaka kuwa mtu wa kukuzimia kile kicheko. Nikaona bora akizime mtu mwingine. Nilikukosea, mdogo wangu."

Mama mdogo alimwacha amalize. Kisha akasema, "Maneno haya ungeniambia Jumanne ile, ningelia. Ningekutukana mpaka majirani watoke. Halafu ningekaa nikale."

"Najua."

"Leo nimekusikia, dada. Kweli nimekusikia. Lakini sina pa kuyaweka." Alivuta kanga mabegani. "Nimepata kazi kwenye hoteli, mji wa mbali. Naondoka Jumapili ijayo, basi la asubuhi."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Walisimama hivyo, mmoja kwenye mvua, mwingine mlangoni. Mama mdogo alinyoosha mkono kama anataka kumfuta maji usoni. Akaurudisha.

Jumatano, 24 Aprili

Sina la kuandika.

Jumapili, 28 Aprili

Tulifika kituoni mapema. Mama alimsalimia mdogo wake, akampa mfuko wa chakula, wakaulizana habari za begi na kiti. Kisha Mama akasogea mpaka chini ya paa la kibanda cha tiketi, akatuacha.

Nilikuwa nimeamua nitamwuliza mwenyewe, machoni. Nikasema, "Mama mdogo, kwa nini huniangalii?"

Alishtuka. Akataka kucheka, ikashindikana.

"Profesa," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ile. "Wewe hujakosea kitu. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Ila mama yako hakuniambia, na meneja aliandika tu. Aliyeniambia ni wewe. Nikilala nasikia sauti yako. 'Itakoma Jumatatu.' Ulisoma vizuri sana, mwanangu. Kila neno nimelishika."

Mwalimu husema nina sauti njema ya kusoma. Nilitaka kumwambia sikuelewa, midomo ilitangulia, ningeelewa ningeitupa ile simu nje. Nilisema tu, "Sikujua."

"Najua hukujua." Sasa aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ndiyo maana nikakaa mbali. Nilijua ukisema shikamoo nitasikia mengine."

Kondakta aliita abiria. Mama mdogo akapanda, akakaa dirishani, akafungua kioo ingawa mvua ilikuwa inaingia.

"Sirudi, Profesa. Usinisubiri. Lakini niambie kitu kingine. Chochote. Nataka niondoke na sauti yako ikisema kitu kingine."

Nikaanza. Nilimwambia kwamba Kijiko na Bi Mvuke wamegombana tena na wamepatana tena. Nilimwambia kuhusu kandambili zilizoelea, na akacheka huku anajifuta pua. Nilimwambia shule inafunguliwa kesho na sijapiga pasi sketi, nilimwambia meneja aliruka maji ya moto kama mbuzi, nilimwambia Mama alikuwa anasimama peke yake kila asubuhi, na hapo aliacha kucheka akatazama upande wa kibanda cha tiketi, kwa muda mrefu. Injini iliwaka. Nikapaza sauti. Nilitembea sambamba na dirisha nikisema, bila mkato, bila nukta, chochote kilichokuja mdomoni, naye ameinamisha sikio nje, nywele zinalowa, kwamba jirani amenunua redio mpya, kwamba nimejifunza kujisuka mwenyewe ila nyuma panapinda, kwamba

Basi likaingia barabarani. Nilikuwa bado nasema.